Jiwe nililoliosha kwa mswaki (na habari za ming'oko)

Naanza na kosa langu kabisa ili tusisumbuane mbele ya safari. Miaka kadhaa nyuma nilipata kibarua kwenye mradi mmoja wa akiolojia huku kwetu Mtwara, upande wa Mikindani, unaacha lami unaingia ndani kwenye mikorosho mpaka simu inakata mtandao. Kazi yenyewe kuchekecha udongo na kuosha vigae, hela kila jumamosi, chakula cha mchana juu yao. Siku ya tatu nikaletewa jiwe bapa, limebonyea katikati, jiwe la kusagia kabisa, mama analo kama lile nyuma ya jiko analisagia pilipili. Limejaa udongo. Mi nikachukua mswaki na ndoo ya maji nikalisugua mbele na nyuma mpaka kwenye vile vitundu vidogovidogo, likatakata, nikalianika juani na vigae vingine nikawa najisikia fundi. Dokta anayesimamia akapita, akasimama, akaliangalia. Hakugomba, bora angegomba. Akauliza taratibu tu, "Hili nani kaliosha?"

Nikasema mimi, tena kwa kujivuna kidogo.

Akachuchumaa pembeni yangu akaniambia mdogo wangu, yale maji uliyomwaga pale kwenye majani ndo yamebeba kitu tulichokifuata huku.

Inabidi nieleze sasa, maana hata mi sikuelewa mpaka mchana tumekaa chini ya mkorosho tunakula. Watu wengi Kusini ukiwaambia kuna wachimbaji wa mambo ya kale wanawaza hela za shaba za Kilwa, au wanawaza mjusi. Kulikuwa na mzee anapita na baiskeli kila asubuhi, akifika kwetu anapunguza mwendo, "Mmeshaupata mfupa?" Alikuwa anamaanisha yule mjusi mkubwa wa kale, dainosaria, wa Tendaguru kule Lindi waliyemchimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913, vibarua wa huku wakaibeba mifupa kwa mabega siku kadhaa mpaka bandarini Lindi na sa hivi mjusi yupo Berlin kasimamishwa mita 13 na kitu kwenda juu. (Msimamizi wa wale vibarua aliitwa Boheti bin Amrani, jina ambalo nadhani lilitakiwa liwe kwenye barabara mojawapo pale Lindi mjini lakini haya tuyaache.) Tatizo ni kwamba mjusi yule ana miaka kama milioni 150, hakuna binadamu aliyewahi kumuona anatembea, ile ni kazi ya watu wengine kabisa. Hawa wa kwetu walikuwa wanatafuta kitu kidogo mno na kwa mtazamo wangu kigumu zaidi ya mjusi: watu wa zamani hapa walikula nini.

Kigumu kwa sababu ya hali ya hewa yetu yani. Misri huko jangwani unaweza kukuta mpaka mkate wa maelfu ya miaka umekauka upo. Huku kwetu we tupa fimbo ya mwembe nje mwezi wa kumi na mbili, mvua zikikatika mwezi wa nne ukirudi utakuta umbo la fimbo, lakini ukilishika ni udongo wa mchwa tu, fimbo ilishaliwa zamani. Mfupa nao haukai, udongo wa kwenye misitu yenye mvua una tindikali, unautafuna taratibu mpaka unaisha. Matokeo yake kwa muda mrefu habari za binadamu wa kale zikaandikwa kama vile watu wote waliishi mbugani wanakimbizana na nyumbu, maana mbugani na mapangoni kwenye chokaa ndo mifupa inabaki. Kule msituni vitu vimeoza, basi ikahesabika hakukuwa na watu. Mtu hajibu hodi mchana mmoja, we unaandika nyumba haina mwenyewe.

Kwa hiyo wanatafuta vile visivyoliwa na mchwa. Mkaa kwanza. Mbegu ikishaungua ikawa mkaa haiozi tena, na hii ndo kazi niliyoipenda kuliko zote: unachukua pipa la bluu, haya haya tunayowekea maji nyumbani, unalijaza, unamimina udongo wa kwenye shimo unaukoroga kwa mkono polepole. Udongo unazama. Baada ya muda juu ya maji vinaanza kuelea vitu vyeusi vyeusi, vingine vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, unavipakua na kitambaa chepesi unavianika kivulini. Ukiangalia kwenye kioo cha kukuza unaona huu ni uwele, ile ni kunde, hili ganda la nazi. Kuna mtu alipika siku hiyo akaunguza, na kule kuunguza kwake ndo unakujua. Huko Tumbe, Pemba, kwa njia hii hii waligundua watu wa karne ya 8 mpaka ya 10 walikuwa wanakula uwele sana, wali umekuja kushika nafasi baadaye. Mpemba bila wali! Nilibisha hapo hapo.

Halafu kuna kitu wanaita fitolithi. Ushawahi kukatwa na jani la nyasi ukatoka damu? Kinachokukata ni vijiwe vidogo ambavyo mmea unavitengeneza ndani ya majani kutokana na maji unayoyanyonya ardhini, ni kama vioo. Jani linaoza, kijiwe kinabaki udongoni na umbo lake, na nyasi zina maumbo yao na minazi na migomba ina yake. Kwa hiyo kijiko kimoja cha udongo kinaweza kukwambia hapa palikuwa msitu au palikuwa wazi, hata kama mti wenyewe haupo tena.

Sasa jiwe langu. Muhogo, viazi, mtama, vyote vina wanga, na wanga ukiuangalia kwenye hadubini ni chembe chembe, na kila mmea chembe zake zina umbo lake na ukubwa wake. Ukiweka mwanga fulani maalum kila chembe inaonyesha msalaba mweusi katikati, dokta alinionyesha picha kwenye laptopu yake, ukiiona mara ya kwanza unashtuka. Ukisaga kitu kwenye jiwe baadhi ya chembe zinaingia kwenye vile vitundu na zinaweza kukaa humo muda mrefu mno, zimejificha, mpaka aje mtu na mswaki wake.

Ndo maana niliona aibu.

Jiwe likipatikana linatakiwa liingie kwenye mfuko na udongo wake, uandike namba, basi. Kesho yake zikaongezeka sheria. Ukila andazi usiguse mawe mpaka unawe, na andazi lenyewe likaliwe kule mbali, maana unga wa ngano wa leo asubuhi ukirukia kwenye jiwe kesho mtu atasema watu wa kale wa Mikindani walikuwa na ngano. Hata glavu, zile zenye unga unga ndani hazifai, ule unga mara nyingi ni wanga wa mahindi. Mi nikadhani wanatuzingua. Lakini kuna kesi ya kweli kabisa na iko jirani, ng'ambo ya Ruvuma, mkoa wa Niassa Msumbiji. Pango linaitwa Ngalue. Mwaka 2009 mtafiti anaitwa Julio Mercader alitangaza kwamba kwenye zana za mawe za humo, za kama miaka 105,000 iliyopita, amekuta chembe za wanga na nyingi zaidi ni za jamii ya mtama pori. Miaka laki moja na tano! Kabla ya kilimo chochote duniani, mtu wa hapa ng'ambo anakwangua mtama. Wenzake wengi wakagoma: chembe zimekaaje muda wote huo kwenye joto hili, una uhakika gani hazijatoka kwenye upepo, kwenye mikono, kwenye chakula chenu cha mchana? Ubishi kama ule ndo unafanya watu washike hizi sheria za andazi. Nikawa naishika mifuko ya mawe kama nimebeba mayai.

Kilichoniokoa kwenye mradi ule ni ming'oko.

Iko hivi, ukikuta chembe kwenye jiwe la kale lazima uwe na chembe za mimea ya leo za kulinganisha, kama vile huwezi kumtambua mtu kwa alama ya kidole kama hujachukua vidole vya watu wengine. Dokta alikuwa na orodha ya mimea anaitaka, ya shambani na ya porini, na juu kabisa ya orodha viazi vya porini. Akauliza nani anajua kuchimba ming'oko. Mi nikanyoosha mkono. Nilikuwa najua kuila tu, fungu kwa fungu pale stendi na chumvi na pilipili, lakini bibi yangu yupo Nanyamba na yeye anajua, kwa hiyo kimsingi sikudanganya.

Kwa ambao sio wa huku: ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, vingine virefu, unachemsha na maganda unamenya unakula. Kiangazi ndo wakati wake. Ni chakula cha Mtwara na Lindi, mtu wa Kusini akiwa Dar akiletewa furushi la ming'oko anaacha kazi zote. Na hapo hapo kuna watu wanaona aibu nayo, chakula cha porini, cha njaa, cha watu wasio na shamba. Mi mwenyewe sekondari nilishawahi kuificha kwenye begi.

Sasa kwenye gari tunaenda Nanyamba dokta akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakitafuna. Kumbe viazi vya porini viliwahi kuleta ugomvi mkubwa wa wasomi. Mwaka 1987 Thomas Headland, mtu aliyeishi miaka mingi na Waagta wa misitu ya Ufilipino, alihoji hivi: huu msitu wa mvua unaoonekana kijani na umejaa kila kitu, chakula cha kumshibisha mtu kiko wapi? Miti inaweka nguvu kwenye mbao na majani ya juu huko, matunda yana tumbili, nyama hazina mafuta, na viazi pori vyenye wanga ni vichache. Akasema watu wa msituni tunaowajua wote wanabadilishana chakula na wakulima, kwa hiyo labda kabla ya kilimo hakuna aliyeweza kuishi humo peke yake. Wenzake wakalichukua, ikawa hoja nzito, msitu ni jangwa la kijani. Swali zima limesimama juu ya viazi pori. Juu ya ming'oko, kwa lugha yetu!

Nikamuuliza jibu likawaje. Akacheka, akasema jibu wamelitafuta miaka thelathini na bado wanachimba.

Kwenye mapango ya Sri Lanka, ndani ya msitu wa mvua, wamekuta watu wa miaka kama 48,000 iliyopita pale Fa-Hien Lena wanakula tumbili na kindi, miaka nenda rudi, na vichonge vya mifupa ambavyo huenda ni ncha za mishale. Kindi! Hebu jaribu kumpiga kindi kwa jiwe uone. Na mwaka 2015 zikatoka majibu ya meno. Hii ya meno ni tamu kidogo, vumilia. Mimea inashika hewa kwa njia tofauti, miti na vichaka na mpunga njia moja, nyasi za nchi za joto pamoja na mtama, uwele na mahindi njia nyingine, na kila njia inaacha karboni yake tofauti kidogo. Unachokula ukiwa mdogo kinajijenga kwenye jino, na jino ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, linadumu. Ukipima jino unajua huyu alikula vitu vya msituni au vya nyikani. Yale meno ya Sri Lanka, kuanzia miaka 20,000 hivi iliyopita, yakasema msitu, na tena msitu, hata nyakati ambazo sehemu za wazi zilikuwepo karibu. Hawakukimbilia msituni kwa shida. Walichagua.

Hapo Kenya nako, Kilifi, Panga ya Saidi, watu wamelitumia pango moja kwa vipindi tofauti ndani ya miaka 78,000, na walimzika humo mtoto wa miaka miwili na nusu mpaka mitatu, kalazwa kwa ubavu magoti yamekunjwa kama amelala. Wakamwita Mtoto, hivo hivo. Mifupa ilikuwa laini ikiguswa inakuwa vumbi, ikabidi wakate bonge zima la udongo walifunge plasta, likaja kufunguliwa maabara huko Burgos, Hispania. Ilitangazwa 2021. Pango lile liko kwenye msitu wa pwani, na ukanda ule wa misitu ya pwani unashuka na bahari mpaka kwetu, Litipo na Rondo ni ndugu zake. Na juzi juzi hapa, 2025, ikatoka ya Ivory Coast, sehemu inaitwa Anyama: zana za mawe za watu walioishi ndani ya msitu wa mvua kabisa miaka kama 150,000 iliyopita. Walipima mchanga, maana chembe ya mchanga ina namna ya kuweka kumbukumbu ya lini iliona jua mara ya mwisho, usiniulize zaidi. Aliyeanza kuchimba pale miaka ya 80 ni profesa wa kwao huko huko, Yodé Guédé. Na sehemu yenyewe haipo tena, imeshaliwa na machimbo. Hiyo iliniuma zaidi ya miaka 150,000, sijui kwa nini.

Tukafika Nanyamba. Shikamoo bibi. "Marahaba mume wangu, huyu nani?" Nikamwambia ni dokta. "Wa hospitali gani?" Nikamwambia hatibu, anachimba. Bibi akamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akaingia ndani akatoka na jembe dogo na muo, basi tukaondoka, hakuna hotuba.

Mi nilidhani ming'oko unatafuta popote. Bibi alipita vichaka kama vitano hata hageuki, sisi tunaona majani tu, akafika kwenye kimoja akashika kamba moja nyembamba imeshakauka, imejisokota kwenye mti, akaifuata kwa vidole mpaka chini. Kamba zingine zilikuwa pale pale, zimekauka vile vile. Dokta akagusa moja ya hizo zingine akauliza kwa nini hiyo yako na sio hii. "Hiyo ndiga." Ndiga nayo ni kiazi, ila kina sumu, bibi akasema mwaka wa njaa waliila, unakikata vipande vyembamba, unaloweka kwenye maji ya mto siku kadhaa unabadilisha, na hata hapo wa kwanza kuonja awe mtu mzima. Ukikosea unalegea miguu. Dokta kalamu ilikuwa inakimbia. Kumbe kule kisiwa cha Borneo, Asia, pango la Niah, wamekuta mabaki ya kiazi pori cha namna hiyo hiyo chenye sumu, na kokwa zenye sumu pia, na mashimo yenye majivu ambayo wanadhani ndo walikuwa wanaondolea sumu, miaka kama elfu 40 iliyopita. Nikamtafsiria bibi. Hakushangaa hata kidogo. Akauliza, "Majivu ya nti gani?" Dokta hakuwa na jibu, akaliandika swali.

Kuchimba kwenyewe sio mchezo. Unaanza na jembe, afu muo, afu mkono mtupu mpaka bega linaingia shimoni, kile kiazi kinavyoshuka hakinyooki, kinakwepa mizizi, na ukivuta kwa haraka kinakatika na nusu inabaki. Nilikata viwili. Bibi alitoa kama kumi na mbili vizima wakati mi nahema. Mkoba ukijaa nusu tu akaacha, akarudisha kile kichwa cha juu chenye kamba shimoni, akafukia, akakanyaga kanyaga, akatupia majani.

Dokta akauliza, "Bibi, hapo umepanda?"

"Nimekirudisha."

"Kwa hiyo hili ni shamba lako?"

"Shamba langu lipo kule kwenye korosho. Hapa porini."

Akatulia dokta. Baadaye njiani akanieleza kwamba watu wa kabila la Baka wa misitu ya Kameruni wanafanya hivo hivo, kichwa kinarudi shimoni, mwakani unakuja kuchimba pale pale, na wasomi wakaitafutia jina lake kabisa maana sio kilimo na sio kuokota. Kama watu wamefanya hivi maelfu ya miaka basi lile swali la 1987 la viazi kuwa vichache linabadilika, kwa sababu uchache wenyewe unategemea nani amepita pale kabla yako na alifukia vipi. Ila kwenye udongo unakionaje kitendo kama kile? Hakiachi jiwe wala kigae wala mkaa. Mvua mbili tatu, imeisha.

Lakini pale pale kichakani hakusema hayo yote. Alichofanya alitoa kamera, akapiga magoti, akaanza kupiga picha pale palipofukiwa, huku, na huku, na kwa juu.

Bibi akanigeukia. "Sa huyu anapiga picha nchanga?"

Nikafunga mifuko nikaandika namba. Ming'oko nikaibeba na udongo wake hivo hivo.